Godoro la Nchi ya Juni

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa asubuhi tu ilikuwa ya Jumanne. Manyunyu nje, baridi ndani. Mama Kalenda aliamka wa kwanza kama kawaida yake, akachemsha chai, akamimina vikombe viwili, na cha mumewe akakifunika kwa sahani kisipoe.

Mumewe alikuwa ameshakaa chini katika chumba cha mbele, miguu ameinyoosha, godoro la mteja limelala mbele yake likiwa tumbo wazi, pamba imemwagika sakafuni. Kazi yake ilikuwa hiyo, kushona na kujaza magodoro, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa akihangaika na tundu la sindano. Macho hayakuwa ya ujana tena. Akamnyooshea mkewe sindano, mkewe akatunga uzi bila kuambiwa, akamrudishia.

"Leo naenda ofisini," alisema Mama Kalenda.

"Si ulistaafu wewe? Ofisini kufanya nini?"

"Kuwatajia nchi tutakayokwenda. Zimebaki siku kumi na tatu, mume wangu. Zikiisha, zawadi yao ya safari imekufa."

Fundi akavuta uzi.

"Tuseme Juni. Juni ina ubaya gani?"

Mkewe alikuwa ameshika picha. Chumba cheupe, dirisha limefunguliwa, nje minazi na maji ya kijani. Akamsogezea mumewe mpaka puani. Fundi aliipita minazi, akayapita maji, jicho lake likatua kitandani.

"Godoro lile ni sponji," akasema. "Tazama pale katikati. Limebonyea na mtu hajalala. Utarudi na mgongo wako ndani ya begi."

Siku nyingine mkewe angecheka. Asubuhi ile hakucheka. Aliikunja picha mara mbili, akaitia mkobani, akavaa koti lake la buluu, akafunga vifungo vyote hadi shingoni.

"Haya. Chai yako inapoa," alisema, akatoka.

Fundi akashona. Siku tisa baadaye walimzika mkewe.

*

Alikuwa na jina lake, lakini lilibaki kwenye vyeti. Huku nje alikuwa Mama Kalenda, na jina hilo alilipata kwa jasho. Miaka thelathini na mmoja alifagia na kupiga deki katika ofisi ya kuuza safari: vyumba viwili, meza nne, kaunta, na dirisha kubwa la kioo lenye ndege ya plastiki inayoning'inia kwa uzi. Kila mwisho wa mwaka ofisi ililetewa kalenda nyingi kuliko wateja. Zilizobaki alizifunga kwa kamba, akazibeba kichwani, akazigawa mtaani. Hapakuwa na nyumba isiyokuwa nayo. Hata muuza mkaa alikuwa nayo ukutani, fukwe nyeupe pee juu ya magunia meusi.

Kalenda zile zilikuwa za nchi za joto tu. Mji wao ulikuwa wa baridi, mji ambao mtu akitaka kuoga hujihesabia kwanza moja, mbili, tatu, na watu wa mji wa namna hiyo wakiwaza safari huwaza jua. Kila mwezi ulikuwa na nchi yake, na nchi zilikuwa zilezile kumi na mbili kila mwaka, picha tu ndizo zilizobadilika. Majina ya baadhi ya nchi hizo yalikuwa yanauma ulimi. Kwa hiyo nyumbani kwao ziliitwa kwa miezi yake. Machi ilikuwa nchi ya maporomoko ya maji. Septemba ilikuwa msitu mpaka baharini. Juni ilikuwa ile ya maji ya kijani.

Mama Kalenda alisoma mpaka darasa la nne. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, midomo ikimsaidia. Mumewe hakusoma kabisa. Alipofika kimo cha kigoda alipelekwa kwa mjomba wake kuchambua pamba, na shule yake ikawa hiyo. Mtoto walijaliwa mmoja, wa kike, akaolewa mji mwingine.

Kwamba mkewe alizijua zile nchi, Fundi alikuwa akijua kwa kusikia. Alikuja kuona kwa macho siku alipopeleka ofisini mito ya viti aliyoishona upya. Walikuwa wamekaa bwana na bibi harusi wa wiki ileile, na muuza tiketi amewafungulia vijitabu saba, na hao wawili hawaelewani hata kwa kimoja. Huyu anataka huku, yule anataka kule. Muuza tiketi alikuwa ameshaanza kutazama saa ya ukutani.

Mama Kalenda alikuja na dekio lake.

"Inueni miguu, wanangu."

Wakainua. Yeye akapitisha dekio chini ya viti, na miguu ikiwa bado hewani akawauliza:

"Nyinyi mnataka joto la jasho au joto la upepo?"

"Kwani yako mawili?" bwana akauliza.

"Mawili kabisa. La jasho ni kule," akaelekeza kijitabu kimoja kwa mpini wa dekio. "Unavaa shati asubuhi, kufika saa nne limekuwa taulo. La upepo ni huku. Halafu wewe bwana, ni mtu wa kukaa au una mchwa miguuni?"

"Ana mchwa!" bibi akadakia kabla mumewe hajafungua mdomo.

"Basi usimpeleke kisiwani. Siku mbili atakizunguka kisiwa, ya tatu atakuzunguka wewe."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Akawauliza wanakwenda mwezi gani, akawatolea nchi moja kwa sababu ya mvua, nyingine kwa sababu bahari yake wakati huo huchafuka, wakabaki na mbili. Wakachagua. Muuza tiketi akaandika. Mama Kalenda akasema, "Shusheni miguu sasa, pamekauka," akahamia kwenye meza nyingine.

Fundi alisimama mlangoni na mito yake mikononi, amevimba kichwa kama vile aliyesema ni yeye.

"Umeyajulia wapi yote yale?" alimuuliza walipokuwa wakirudi nyumbani kwa miguu.

"Watu wakirudi safari wana hamu ya kusimulia. Wamsimulie nani? Wenye meza wana kazi. Aliye karibu ni mimi na dekio."

"Na wewe ungekwenda wapi?"

Mama Kalenda alihamishia mkoba bega la pili.

"Mimi sina makuu. Nataka siku moja niingie kwenye maji bila kupiga kelele."

Fundi alicheka. Alimjua: miaka yote, maji ya ndoo yakimgusa mgongoni alipiga ukelele mmoja ambao majirani waliutumia kujua kumekucha.

*

Alipostaafu walimfanyia sherehe kati ya zile meza nne. Meneja alikuwa mwanamke aliyeingia pale msichana, na siku yake ya kwanza Mama Kalenda ndiye aliyemwonyesha swichi ya taa. Meneja akasimama, akasoma karatasi. Safari ya watu wawili, siku saba, nchi yoyote kati ya zile kumi na mbili. Masharti mawili tu: nchi itajwe na pasipoti zote mbili ziletwe kabla ya mwaka kuisha.

Mama Kalenda alilia ndani ya aproni. Watu wakapiga makofi. Fundi alipiga makofi kuliko wote. Hilo nalo lisemwe, kwa sababu ni kweli. Alitaka kwenda. Hakuna siku ambayo hakutaka.

Pasipoti ya mkewe ilitoka baada ya wiki tano. Yake aliamua kuifuata peke yake, amshtukize. Alimuaga kwamba anakwenda kutafuta pamba, akavaa kofia yake nzuri, akapanga foleni kwenye ofisi ya pasipoti tangu asubuhi. Nje kulikuwa na mtu wa kuwajazia watu fomu, akamjazia. Mpaka hapo mambo yalikwenda sawa.

Ndani kulikuwa na kimashine chenye kioo na taa.

"Weka kidole gumba, Mzee," karani alisema.

Akaweka. Taa nyekundu.

"Kandamiza."

Akakandamiza. Nyekundu.

Karani akafuta kioo kwa kitambaa. Akamwambia ajaribu cha pili, cha tatu, mkono mwingine. Vidole kumi, taa nyekundu kumi. Karani akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu kama mtu anayekagua ndizi.

Vidole vile vilikuwa vimevuta uzi wa katani kwa miaka hamsini na kitu. Vimechambua pamba, vimechambua makumbi ya nazi yanayokwangua kama msasa, vimesukuma sindano ndefu kama kijiti cha kupigia ngoma. Ile mistari ambayo kila mtu huzaliwa nayo ilikuwa imesagika. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko. Hakuwahi kulifikiria hilo. Nani hukaa akatazama vidole vyake?

Karani hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na sauti, na alimwita mwenzake upande wa pili wa chumba:

"Njoo uone maajabu! Mzee hana vidole huyu!"

Foleni yote ikageuka. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Mzee, umeviacha wapi? Kwenye kasha la benki?" Wakacheka. Kilikuwa kicheko cha watu waliochoka kusubiri, hakikuwa na chuki. Fundi naye alijaribu kucheka, mdomo ukagoma.

"Nenda nyumbani, pumzisha mikono wiki mbili, paka mafuta, urudi," karani akamwambia.

Akasema asante. Kofia aliisahau juu ya kaunta na hakurudi kuifuata.

"Pamba iko wapi?" mkewe alimuuliza alipofika.

"Haikuwa nzuri."

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa dogo hivyo, maneno mawili. Angesema, Mashine imenikataa, wangecheka wote wawili na chai ingemiminwa. Lakini alikuwa ameingia na kile kicheko cha foleni masikioni, na mbele ya mkewe, ambaye mabwana harusi walimwinulia miguu, aliona aibu kuwa mtu asiye na hata vidole.

Akapaka mafuta. Asubuhi na jioni, wiki mbili, na kazi akaipunguza akisingizia baridi ya mifupa. Muuza mkaa, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, hakumwacha.

"Fundi! Mikono inang'aa siku hizi! Unamshika nani huyo mwenye ngozi laini?"

"Nyamaza na masizi yako."

"Mama Kalenda, mchunge mumeo. Mwanamume wa umri huu akianza mafuta, kuna jambo."

Mama Kalenda alikuwa akianika nguo. Alicheka pamoja nao. Kisha akaingia ndani, na siku ile hakutoka tena nje. Fundi aliliona hilo. Aliliona, akaliacha lipite.

Wiki mbili zilipoisha alirudi kwenye ile ofisi. Alifika mpaka kizingitini. Akamwona karani yuleyule, kaunta ileile, foleni nyingine iliyo tayari kucheka. Akageuka. Ndiyo ikawa mara yake ya mwisho.

*

Kuanzia hapo ikawa kazi ya kuzitia nchi kasoro. Mkewe anataja, yeye anapangua. Machi? Maporomoko yale yana kelele, mtu atalala vipi. Mkewe akamwambia hoteli iko mbali na maji, mwendo wa saa nzima. Septemba? Nyoka. Mkewe akamwambia wateja ishirini wamekwenda Septemba, na aliyeumwa aliumwa na mbwa wa hoteli. Oktoba? Watakula nini huko? Mkewe akamtajia samaki wa aina sita. Alijua kila kitu. Huwezi kumdanganya mtu ambaye amepiga deki miaka thelathini na mmoja chini ya midomo ya wasafiri.

Kwa hiyo Fundi alikimbilia mahali ambapo mkewe hakuwa na la kumjibu. Akaanza magodoro.

Kila picha yenye kitanda ilikuwa halali yake. Hili ni springi, litakuimbia usiku. Hili limeshonwa na mashine, pamba yake itahamia miguuni. Hili, tazama kona zake, aliyelishona alikuwa na njaa. Mwanzoni Mama Kalenda alicheka mpaka akashika mbavu. Aliwahadithia majirani kwamba mumewe anataka kuvuka bahari akakague vitanda. Halafu akaanza kuleta picha zenye vitanda tu. Alikuwa anazisogeza dirishani kwenye mwanga, anainamisha kichwa, anajaribu kuona anachokiona mumewe.

"Na hili?"

"Hilo nalo."

"Hilo nalo nini?"

"Limelegea."

Miezi ikawa inakwenda. Kicheko kikapungua kidogo kidogo, kama maji kwenye pipa ambalo hakuna anayelijaza.

Mchana mmoja Mama Kalenda alimjia pale pale chumba cha mbele, akakaa juu ya robota la pamba.

"Kuna kitu?" aliuliza.

"Kitu gani?"

"Sijui. Ndiyo nauliza."

"Hakuna kitu."

Mkewe akaokota vipande vya uzi sakafuni, akavisokota pamoja.

"Kama ungependa niende na binti yetu, sema tu. Sitakasirika."

Mtu mwenye akili angeisikia ile sauti. Fundi alisikia upenyo wa kutorokea.

"Ukitaka," akasema.

"Nimekuuliza unataka wewe."

"Nimesema ukitaka, mama."

Aliinuka juu ya robota, akajipangusa pamba kwenye sketi. Hakulitaja tena suala la binti. Aliendelea kuleta picha, ila sasa alizileta kama mtu anayepeleka chakula kwa mgonjwa asiyekula.

*

Jumanne ile Mama Kalenda alirudi saa nane mchana. Fundi alimsikia akivua viatu mlangoni, kimoja, halafu muda mrefu, halafu cha pili.

"Nina habari nzuri," alisema. "Lakini mkono huu umelala. Ngoja nikae kwanza."

"Kaa. Nimalize mstari huu."

Ulikuwa umebaki mstari wa ukingoni, na mstari wa ukingoni ukiuacha katikati pamba hujisukuma nje. Akaumaliza, akakata uzi kwa meno, ndipo akainua kichwa. Mkewe alikuwa ameegemea ukuta, koti la buluu bado limefungwa hadi shingoni, mdomo umevutwa upande mmoja. Jicho moja linamtazama, jingine linatazama mahali pengine.

Muuza mkaa aliwapeleka hospitali kwa pikapu yake, mama amelazwa juu ya magunia matupu, Fundi amempakata kichwa. Njia nzima yule bwana hakutoa mzaha hata mmoja.

Baadaye Fundi alirudi akauhesabu ule mstari. Ulikuwa mishono tisa. Daktari alimwambia mishono tisa isingebadilisha kitu. Yeye hajui. Daktari hakuwepo.

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na kimoja. Binti yao alifika kesho yake. Siku ya tatu akaja meneja, amebana mkoba kwapani, amesimama kama mtu asiyejua pa kuweka miguu. Mama Kalenda alikuwa amelala. Meneja alimvuta Fundi pembeni, karibu na dirisha.

"Mzee, Jumanne mama alikuja kwetu. Amekwambia?"

"Hakuwahi."

"Alikaa kwenye kiti cha wateja. Miaka yote hajawahi kukaa kile kiti. Akaniambia, mwanangu, leo sitoki hapa mpaka umenipigia simu." Meneja alianza kucheka, akajizuia, macho yakajaa. "Tukapigia hoteli nne, Mzee. Nchi nne. Unajua alitaka niwaulize nini? Magodoro yao yana nini ndani. Kazi yangu yote sijawahi kuuliza hilo. Wa kwanza akadhani namtania, akakata simu. Wa pili sponji. Wa tatu hajui. Yule wa nchi mnayoiita Juni akasema subiri, akaenda kuchungulia mwenyewe. Akarudi anahema. Pamba. Pamba tupu, na yameshonwa kwa mkono."

Fundi alikuwa akitazama nje. Kulikuwa na mtu anafagia majani.

"Mama alipiga kofi juu ya meza yangu. Akasema, basi andika hiyo, mume wangu hatakuwa na neno tena." Meneja akafungua mkoba, akatoa karatasi. "Nimeandika. Imebaki pasipoti yako tu. Alisema utaileta."

Hapo ndipo neno lilipomtoka kwa mara ya kwanza, na lilimtoka mbele ya mtu ambaye si mkewe.

"Mashine ilinikataa," alisema. "Vidole vyangu haivioni."

Meneja alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua inalowesha.

"Ah, Mzee! Hilo ni jambo la kila siku. Waashi, wafua nguo, wavunja kokoto, wote inawakataa. Kuna karatasi yao, inajazwa, unapigwa picha, basi. Nusu saa. Hakuna aliyekwambia?"

"Sikuuliza."

Meneja alimshika bega, akaiacha ile karatasi kwenye kikabati cha kando ya kitanda, akaenda zake.

Zawadi ilikufa siku nne baada ya mazishi. Meneja alitaka kuisogeza mbele, aende Fundi na binti yake. Binti naye alimsihi. Fundi alikataa. Siku yenyewe ilipofika alikuwa sakafuni na godoro la mtu, na sindano ilimchukua nusu ya asubuhi kuitunga uzi.

Wapo wanaomwambia kwamba alimpa mkewe maisha mema. Hawasemi uongo mtupu. Alimlisha, hakumpiga, hakutoka nje ya ndoa. Lakini mtu akilala juu ya godoro zuri na mwiba mmoja ukaachwa ndani ya pamba, ni mwiba anaoukumbuka. Huo aliuacha yeye, na aliuacha akijua uko wapi.

Ilikuwa siku ya sita wodini, asubuhi, kabla ya hayo yote. Kauli ilikuwa imemrudia Mama Kalenda kidogo. Maneno yalitoka polepole, yamekunjwa upande mmoja, lakini yalieleweka, na wauguzi walifurahi. Aliomba kunawa. Fundi alileta maji ya vuguvugu kwenye beseni, akamnawisha uso, shingo, mkono ule mzima na ule uliolala. Binti yao alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na chupa ya chai, kwa hiyo aliyasikia yote, na mpaka leo anaweza kushuhudia kwamba hakuna lililoongezwa.

Fundi alisema. Alianza na kofia nzuri na foleni. Akasema taa nyekundu kumi, karani na sauti yake, mwanamke wa mtoto mgongoni. Akasema mafuta yalikuwa ya nini. Akasema kizingiti alichoshindwa kukivuka. Akasema hakuna godoro hata moja alilokuwa na ugomvi nalo. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja tangu amwoe.

Mama Kalenda alikuwa amefumba macho. Fundi alidhani amelala, akaona heri, akaona pia ni hasara, maana hatapata nguvu ya kurudia. Kisha akahisi mkono mzima wa mkewe ukitafuta wake juu ya shuka. Ukakipata kidole gumba. Ukakipapasa ncha, huku na huku, taratibu, kama mtu anayejaribu kitambaa dukani. Alifumbua macho. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo, ingekuwa nafuu. Alimtazama mumewe muda mrefu kwa lile jicho linaloona, na akasema:

"Kumbe ni kidole tu? Mwaka mzima nilidhani ni mimi."